Tola Moja ya Risasi: Namna ya Kuchagua Uzito wa Risasi ya Kuwindia

Nilirudi kutoka bara na kipande cha risasi kwenye mfuko wa shati, kimekunjamana kama kishungi cha karafuu kilichokanyagwa. Nilikuwa nimekitoa mwenyewe kwenye bega la kongoni. Nikapita nacho Mji Mkongwe kwa sonara mmoja anayenijua tangu niko skuli, nikamwomba anipimie. Mzee akakigeuza kwa kibano. "Mwanangu, leo umeniletea dhahabu gani hii nyeusi?" Akakiweka kwenye mizani yake ndogo. Kikaja nusu tola, kipimo chao masonara, na kitu kidogo.

Kilipotoka kwenye mtutu kilikuwa tola kamili. Nusu nyingine ilibaki ndani ya kongoni, vipandevipande, na kongoni tulikuwa tushamla.

Hapa Unguja na Pemba uwindaji wa raifali haupo wa kusema. Wasasi wetu ni watu wa mbwa, nyavu na mikuki, na windo lao kubwa ni nguruwe anayemaliza mihogo. Paa nunga, ambaye zamani alikuwa kitoweo, leo analindwa. Lakini vijana wengi wa hapa wana shughuli zao bara, wana marafiki wenye vibali, na msimu ukifunguliwa huandamana nao porini. Wakirudi barazani suali ni lile lile: "Ami, dukani kuna boksi za greni 150, 165, 180 na 220. Nichukue ipi?"

Jibu fupi, kwa mwenye raifali ya .30-06, ni 180. Lakini hata mie nilipiga 180 siku ile ya kongoni, na mmeona kilichofika kwa sonara. Kwa hivyo kuna jibu refu.

Kwanza mambo ya kibali. Silaha bila leseni na windo bila kibali ni ujangili. Tanzania Bara ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na msimamizi wa vibali ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya mwaka 1996. Kibali kisome kabla hujaingia dukani, kwa sababu mnyama aliyetajwa humo ndiye atakayekuchagulia risasi.

Hatua ya 1: Izoee greni

Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa kichwa cha risasi peke yake, ile sehemu inayoruka. Ganda, baruti na fataki havimo. Kipimo chake ni greni, cha kale, asili yake punje ya nafaka: greni 7,000 ni ratili moja.

Wengi hapo huchanganyikiwa, na sisi hatuna sababu ya kuchanganyikiwa, maana kipimo tunacho. Tola ya sonara ni greni 180 barabara, yaani gramu 11.66. Risasi ya greni 180 ni tola moja. Ya 150 ni gramu 9.7, ya 220 ni gramu 14.3. Risasi ya .375 ya greni 300 ni gramu 19.4, na ile ya .458 ya greni 500 ni gramu 32.4, inaizidi hata reale ya fedha ya Maria Theresa ambayo ni gramu 28. Katoto kao wote, .22 ya greni 40, ni gramu 2.6 tu.

Uzito na kaliba ni vitu viwili. Kaliba ni upana wa kichwa. Raifali yako ya .30-06 haibadiliki upana, kwa hivyo ukiongeza uzito, kichwa hakina pa kwenda ila kurefuka. Urefu huo uweke akilini, utatusumbua tukifika kwenye mtutu.

Wazee wa gobori hawakuwa na mashaka haya. Waliyeyusha madini ya risasi, wakayamimina kwenye kalibu, ikatoka goroli, na goroli ya mtutu wako ilikuwa na uzito mmoja tu duniani. Hata bunduki ya marisau tunayoiita namba 12 jina lake limetoka huko: goroli 12 za risasi zinazoenea mtutu wake hufanya ratili moja.

Hatua ya 2: Anza na mnyama, umalizie na umbali

Mvuvi wa mshipi hachagui chubwi kwa kupenda. Anatazama mkondo na kina. Chubwi jepesi huchukuliwa na maji halijafika chini. Likizidi uzito, samaki anadonoa na mkono hauhisi. Msasi naye ana mambo mawili ya kutazama: kuna nyama na mfupa kiasi gani kutoka ngozini hadi moyoni, na mnyama atakuwa umbali gani.

Barazani watu huamini kwamba risasi nzito ndiyo yenye nguvu. Hesabu haisemi hivyo. Chukua .30-06 hiyo hiyo. Kichwa cha greni 150 hutoka kwa mwendo wa mita 885 kwa sekunde hivi, nguvu yake ni kama joule 3,800. Cha 180 hutoka kwa mita 820 hivi, joule 3,900. Cha 220 hutoka kwa mita 730 hivi, joule 3,800. Zote ni sawa ukipenda. Baruti ni ile ile na ganda ni lile lile, nguvu ya ziada ingetoka wapi?

Kinachobadilika ni subira. Risasi nyepesi inafika kwa hamaki, inafunguka mapema, inatoboa tundu pana lisilo na kina, inasimama. Nzito inafika taratibu zaidi lakini mfupa hauikatizi safari. Wataalamu wameipa subira hiyo namba: chukua uzito kwa ratili, ugawe kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Greni 150 ya .30 inapata 0.226. Greni 180 inapata 0.271. Greni 300 ya .375 inapata 0.305, na wasasi wengi wa nyati huanzia hapo kwenye 0.300. Si msahafu, lakini ni namba ya kuitazama kabla hujatoa pesa.

Sasa wanyama wenyewe. Digidigi hafiki kilo 7. Kwake uzito wa risasi si suala, suala ni kubakisha nyama ya kupika. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 75, kifua chake chembamba, mfupa wa bega si mgumu. Greni 100 ya .243, 130 ya .270 au 150 ya .30-06 inamaliza kazi. Kongoni na nyumbu wana miili ya kilo mia na kitu hadi mia mbili na zaidi, na wana roho ngumu kupita ukubwa wao. Hapo 165 ndiyo ya chini kwangu, na 180 ndiyo ninayobeba.

Pofu ni ng'ombe wa porini. Dume lililokomaa hupita kilo 500 na lingine hukaribia 900. Mwenye .30-06 achukue 180 au 220 iliyotengenezwa kwa uimara, na asogee karibu. Mwenye .375 asijiulize. Nyati hana mjadala kabisa: nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 kuwa kima cha chini cha mnyama wa hatari, na uzito wake wa kawaida ni greni 300. Kijana anayeniambia anataka kumjaribu nyati kwa .308 na risasi ya 150 huwa namuuliza kama ameshaandika wasia.

Na nguruwe? Yeye ni kero ya shamba na si kitoweo chetu, lakini mwili wake una funzo. Bega la nguruwe dume limejaa gamba na misuli, na risasi nyepesi inayofunguka haraka huishia hapo hapo, mnyama akaondoka na jeraha akafie kichakani. Hilo halimstahili hata nguruwe.

Umbali watu huuzungumzia sana na wengi hawauhitaji. Sifa kubwa ya risasi nyepesi ni kwamba njia yake imenyooka zaidi. Kweli. Lakini raifali mbili za .30-06 zikiwa zimerekebishwa zipige katikati kwa mita 180 hivi, moja kwa greni 150 na nyingine 180, ukipiga mita 270 tofauti ya kushuka kwao ni kidole kimoja, au viwili. Mkono wako unatetemeka zaidi ya hivyo. Na kwenye miombo mara nyingi hata mita 100 huzioni, miti imekuziba. Aliye kwenye mbuga wazi, anayepiga swala kwa mita 250, ana haki ya kuchagua 150. Aliye msituni anunue uzito.

Kuna uongo mmoja hapa: kwamba risasi nzito hupita kwenye vijiti na majani bila kupinda. Hakuna risasi isiyopinda. Nzito hupinda kidogo pengine, lakini kijiti cha unene wa kalamu kinatosha kuihamisha kutoka moyoni hadi tumboni. Ngoja mnyama atoke.

Ubishi wa nzito na nyepesi si wetu peke yetu. Marekani waandishi wawili wa bunduki, Elmer Keith na Jack O'Connor, waliufanya kazi ya maisha: Keith akitaka vichwa vipana na vizito, O'Connor akiisifu .270 yake na risasi ya greni 130. Wote wawili walijaza vyungu vyao. Mwenye kupenda risasi ndogo pia atakutajia yule Mskoti W. D. M. Bell, aliyeua tembo wengi wa Afrika kwa raifali ya milimita 7 na risasi ya greni 173. Ni kweli. Ila risasi ile ilikuwa ngumu isiyofunguka, ndefu na nyembamba kwa kaliba yake, yaani subira tupu. Na Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kama wewe unavyoujua mlango wa kwenu usiku umeme ukikatika.

Hatua ya 3: Uulize mtutu wako

Ndani ya mtutu wa raifali kuna mifereji iliyojizungusha kama ngazi za mnara. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili isipepesuke njiani, kama pia ya watoto inavyosimama kwa kuzunguka. Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mwingereza George Greenhill aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1879 na bado inatumika: zidisha 150 kwa kipenyo mara kipenyo, ugawe kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Jibu ni inchi ambazo risasi itakwenda hadi ikamilishe mzunguko mmoja.

Kwa matumizi yetu: .30-06 nyingi huzunguka mara moja kila inchi 10, na huko hata 220 inatulia. Baadhi ya raifali za .308 ni inchi 12, na hizo zikipewa vichwa virefu sana huanza kukataa. Kwenye .223 tofauti ni kubwa: mtutu wa zamani wa inchi 12 unataka greni 55 na jirani zake, wa inchi 7 unabeba mpaka 77.

Hujui wako? Hakikisha kwanza bunduki haina kitu, utazame mara mbili, na mwenzako atazame. Chukua mdeki, ule ufito wa kusafishia, wa aina ambayo mpini wake unauacha ufito uzunguke. Funga kitambaa kinachobana, uingize mtutuni. Weka alama ya wino juu ya ufito pale unapoingia. Usukume taratibu mpaka alama izunguke na kurudi juu. Urefu uliosukuma ndio mzunguko mmoja. Pima kwa futi ya fundi cherehani.

Ukikosea hatua hii karatasi itakwambia. Tundu la risasi iliyotulia ni duara. Ukiona tundu refu, kama la ufunguo, risasi imefika ubavu ubavu. Hiyo rudisha dukani, hata ikiwa bei yake ilikuwa nzuri.

Hatua ya 4: Risasi imeumbwaje

Hapa ndipo nilipoanguka mie, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kongoni alikuwa mita 40. Risasi yangu ilikuwa ya kawaida kabisa: kiini cha madini ya risasi, koti jembamba la shaba, ncha iliyoachwa wazi. Imetengenezwa ifunguke vizuri baada ya kuruka mita 150 au 200, mwendo ukiwa umepungua. Kwa mita 40 ilifika na kasi yote, ikakutana na mfupa wa bega, ikafunguka papo hapo kama embe lililoanguka juu ya saruji. Nusu ikatawanyika. Nusu iliyobaki haikuwa na uzito wa kufika mbali. Kongoni alikimbia. Tulimfuata damu kutoka asubuhi, tukampata jua linazama, bado yuhai, amelala chini ya mti anatutazama.

Uzito ninaouhesabu tangu siku ile ni ule unaofika moyoni. Namba ya boksi ni ahadi ya kiwandani.

Risasi zimegawanyika makundi matatu ambayo msasi anapaswa kuyajua. Kuna hizo za koti jembamba, rahisi, nzuri kwa swala na kwa umbali. Ukizitumia karibu panda uzito, chukua 180 badala ya 150, ili hata zikipoteza nusu kibaki kitu. Kuna zilizounganishwa kiini na koti kwa joto, au zenye ukuta katikati, ambazo hupoteza kidogo. Na kuna za shaba tupu, hazina madini ya risasi ndani hata chembe. Hizi hufunguka kama ua na hubaki na karibu uzito wote. Kwa hiyo unaweza kushuka daraja: 165 ya shaba hufanya kazi ambayo ungeipa 180 ya kawaida. Na afadhali ushuke, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, na ule mtutu wa hatua ya 3 unaweza kukikataa.

Nje ya makundi hayo kuna zile ngumu zisizofunguka, za nyati na tembo. Kwa swala hazifai, zinampita mnyama na kwenda kumtafuta aliye nyuma yake.

Ya shaba bei yake inauma. Mie hununua boksi moja la windo, na la kawaida la uzito ule ule kwa mazoezi, halafu namaliza mazoezi kwa zile zile za windo, tano sita hivi, kwa sababu mara nyingi hazipigi mahali pamoja.

Jambo la afya: madini ya risasi ni sumu, khasa kwa watoto na wajawazito, na picha za eksirei za nyama ya windo zimeonyesha chembe za madini hayo mbali na tundu, ndogo hata ulimi hauzihisi. Ukipiga risasi ya kawaida, kata eneo la jeraha kwa upana mkubwa utupe. Usimpe mbwa pia.

Kuhusu bastola

Yapo majimbo ya Marekani yanayoruhusu kuwinda kwa bastola, na vijana wameona video wakaanza kuuliza. Kwetu bastola hutolewa leseni kwa kujilinda, si kwa kwenda nayo porini kutafuta kitoweo. Lakini suali lenyewe lina faida, kwa sababu bastola inaonyesha kazi ya uzito waziwazi.

Bastola haina mwendo. Kichwa cha .44 Magnum cha greni 240 hutoka kwa mita 420 hivi kwa sekunde, joule 1,400 au pungufu, theluthi moja ya raifali ya .30-06. Kile cha .357 Magnum cha greni 158 ni kama joule 740. Kwa mwendo huo huwezi kutegemea risasi ifunguke sana na bado iende ndani. Lazima uchague, na wawindaji wa bastola wa kule huchagua kwenda ndani: greni 158 hadi 180 kwa .357, 240 hadi 300 kwa .44, kichwa kigumu chenye uso bapa, na mnyama awe karibu, mita 50, wachache waliofuzu wafike 100. Risasi nyepesi ya .357 ya greni 125 yenye shimo kwenye ncha ilitengenezewa binadamu mwenye kifua chembamba. Ukimpiga nayo nguruwe utamkasirisha.

Hatua ya 5: Bega lako nalo lina kauli

Bunduki hupiga teke, na ukiongeza uzito wa kichwa teke linaongezeka. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya la .30-06 kwa bunduki za uzito wa kawaida. Anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi inakwenda chini kushoto, iwe 150 au 220.

Jaribio ni rahisi. Mwenzako akupakilie, akiwa mara anatia risasi, mara anatia ganda tupu, bila kukwambia. Ukifyatua tupu na mtutu ukaruka, ulikuwa unaogopa. Shuka uzito mpaka mtutu utulie. Sioni aibu hapo. Greni 150 ndani ya mapafu inashinda 220 ndani ya paja.

Hatua ya 6: Kuchinja

Sura ya Al-Maida inamharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kupondwa, na aya inayofuata inahalalisha windo likitajiwa jina la Mungu. Katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (S.A.W.) alitenganisha kilichopigwa kwa ncha ikachoma na kilichopigwa kwa ubavu wa fimbo kikafa kwa pigo. Maulamaa wa kale walipozungumzia bunduqa walikuwa na maana ya goroli ya udongo inayoponda. Neno letu bunduki limetoka kwenye shina hilo. Risasi ya leo inatoboa na kumwaga damu, na wengi wa wanazuoni waliokuja baadaye waliiruhusu kwa hoja hiyo. Anayetaka undani amuulize shekhe wake.

Kwa msasi mambo haya yanageuka kuwa shauri la uzito. Piga Bismillah kabla ya kufyatua. Chagua risasi inayochoma ikapita, yenye tundu la kuingilia na la kutokea, ili damu itoke nje na uione njia yake majanini. Mnyama aliyepigwa mapafu yote mawili haendi mbali, na ukimfikia akiwa na uhai unamchinja na moyo wako unatulia. Risasi nyepesi iliyosimama begani inakuachia nyama iliyovilia damu, tundu moja dogo, na mfuatano wa saa nane kama wangu. Yule kongoni tulimwahi, lakini ilikuwa bahati.

Hatua ya 7: Piga karatasi kabla hujapiga mnyama

Kila uzito una mahali pake. Ukibadilisha kutoka 150 kwenda 180 risasi haishuki tu, pengine inahama na upande, kwa sababu mtutu unatikisika kwa namna nyingine. Kwa hivyo usiazime risasi tano za rafiki asubuhi ya safari.

Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, weka karatasi mita 100, egemeza bunduki kwenye kiroba cha mchanga, piga tatu kwa utulivu, uache mtutu upoe. Fanya hivyo kwa uzito wa aina mbili au tatu. Zile zilizokusanyika pamoja, hata kama ziko pembeni, ndizo mtutu wako unazozipenda. Pembeni hurekebishwa kwa darubini, kutawanyika hakurekebishiki. Kwa .30-06 na greni 180, mafungu yakikaa kama sentimita 5 juu ya kitovu kwa mita 100, utakuwa sawa kwenye mita 180 au 200, na mnyama wa karibu humpigi kwa kukadiria.

Halafu nunua maboksi ya kutosha ya namba ile ile ya toleo, iliyopigwa muhuri kwenye boksi. Sisi tulio pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Kopo lenye mfuniko unaobana, na kifuko cha kunyonya unyevu kile kinachokuja na viatu, linatosha. Ganda lililoota kutu ya kijani usilifute ukalitumia, litenge.

Na kisiwani?

Huwa naulizwa kama uzito fulani unafaa kwa nguruwe wa shambani, hapa hapa Unguja. Hata greni 40 ya .22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya raifali kubwa hupita kilomita nne. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 kwenye visiwa hivi. Nyuma ya kila kichaka kuna mama anaokota kuni au mtoto anatoka chuoni. Hakuna uzito unaofaa. Wavu, mbwa na watu wengi, kwa ruhusa ya wanaohusika na misitu, kama walivyofanya wazee.

Hatua ya mwisho: Pima kilichobaki

Ukimchuna mnyama, itafute risasi, mara nyingi iko chini ya ngozi ya upande wa pili. Ioshe, ikaushe, uipeleke kwenye mizani. Iliyobaki na robo tatu ya uzito au zaidi imefanya kazi. Iliyobaki nusu ilikuwa laini mno kwa umbali ule, au ulimpiga karibu mno kwa risasi ile. Kama hukuipata na kuna tundu mbili, basi imepita, na hilo silo la kusikitikia.

Andika kwenye daftari: mnyama, umbali, greni zilizotoka, greni zilizobaki, alikimbia hatua ngapi. Langu lina kurasa nne tu. Ya mwisho imeandikwa pofu, mita 70, shaba tupu, 180, hatua 30, na pembeni sonara ameandika kwa mkono wake, kwa penseli: tola moja kasoro punje.